Bibi Yako Alipoacha Kunywa Maji

Mazwi, Jumapili mchana

Mwanangu Atupele,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na mimi nyumba imenishinda. Nimefua pazia ambalo halikuwa chafu. Nimelifungua begi lako, nikalifunga, nikalifungua tena kuangalia kama sweta limo, kisha nikajicheka: Milepa, bondeni kwenye joto, sweta la nini? Sasa nimekaa mezani kwa nguvu, lakini miguu inataka kwenda uani. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue hapo niliinuka nikarudi.

Sitakuandikia habari za kupika wala za kufunga mlango. Hayo unayajua, na usiyoyajua jirani zako wa huko watakuonyesha. Nataka nikusimulie jambo lililotokea humu ndani ulipokuwa bweni kule Chala. Ulipofunga shule ulimkuta bibi yako anaota jua barazani, ukamrukia shingoni, na sisi wakubwa tukatazamana tukanyamaza. Baadaye uliniuliza, "Mama, mbona baba mdogo akimwona Mama Oresta anatazama chini?" Nikakuambia hayo ni mambo ya wakubwa. Sasa na wewe ni mkubwa. Tena unakwenda kuwa mwalimu mahali ambapo watu watakuja kukuuliza, "Mwalimu, wewe umesoma, hili unalionaje?" Siku hiyo nataka uwe na kitu cha kukumbuka.

Na kuna sababu nyingine. Ulipotoka mazoezi ya kufundisha ulirudi umekonda, ukienda haja ndogo unajikunja na kuuma meno. Yutiai, wakasema, maambukizi ya mkojo. Ukanieleza kwamba vyoo vya shule ile havikuwa na milango, basi ukaona heri usinywe maji mpaka jioni. Ulisema kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyegundua njia ya mkato. Ulipewa dawa, ukapona, wala sikukugombeza. Lakini tangu siku ile sijatulia, maana hiyo njia ya mkato naijua. Bibi yako aliipita, na nusura isimrudishe.

Ilikuwa miezi ya baridi, ule upepo wetu unaoingia hata kwenye tundu la ufunguo. Bibi yako alikuwa amehamia kwetu kutoka kijijini baada ya babu yako kufariki. Unavyomkumbuka wewe ni mzee wa kucheka na kukufichia karanga. Mimi nilimjua kwanza kama mwanamke wa jembe, asiyekubali kubebewa ndoo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi; mambo mazito aliyasema kwa Kifipa. Mimi Mnyakyusa, Kifipa changu ni cha sokoni. Kwa hiyo tulielewana kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno. Akinipenda siku hiyo, ananichambulia maharage. Akinuna, anayaacha na mawe yake.

Choo chetu cha zamani unakikumbuka, kule nyuma ya banda la kuku, na yale mawe ya kukanyaga yanayoteleza umande ukishuka. Usiku alikuwa akiniita, "Mkwe wangu," nami naamka, najifunga kanga juu ya sweta, namshika mkono, tunatoka. Kisha ghafla akaacha kuniita. Nikafurahi, Atu. Nikamwambia baba yako, "Mama amepata nguvu, siku hizi analala mpaka asubuhi." Baba yako akamshukuru Mungu. Kikombe cha maji nilichomwekea kando ya kitanda nilikikuta asubuhi kimejaa vilevile, nami nikayamwagia maua maji yaleyale, nikajaza mengine. Kila asubuhi. Mkono wangu ulikuwa unaniambia kitu, ila sikuusikiliza.

Baridi ya hapa inadanganya. Mtu hatoki jasho, koo halikauki, anajiona yuko sawa. Sote humu ndani tulikuwa tunakunywa chai asubuhi na basi, nani angemwona yeye amepungukiwa? Kumbe mwili unakauka kimyakimya, kama shuka iliyoanikwa kwenye upepo bila jua.

Kwanza alilalamika kichwa. Kisha tumbo likafunga, hapati choo. Akisimama anashika mlango, anangoja dunia itulie ndipo apige hatua. Tukasema ni uzee. Mchana akawa analala, chakula anakisogeza. Siku moja ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa zamani. Nikaitikia, nikidhani ni usingizi. Kesho yake namkuta anafukuza kuku kitandani, anawapiga kwa upande wa kanga, na kuku mle ndani hayupo hata mmoja. Nilipombadilisha nguo niliona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na harufu yake kali. Nikafua, nikaanika. Nilikuwa na nguo za wateja zinazosubiri kwenye cherehani.

Sasa Mama Oresta. Wewe unamjua kama yule mjane jirani mwenye sauti nene, anayekuomba moto hata kama ana kiberiti, ilimradi apate kuongea. Alikuwa na desturi ya kumletea bibi yako uji wa ulezi asubuhi. Wao wote Wafipa, walikuwa wanacheka mambo ambayo mimi siyapati. Asubuhi hiyo akaingia na bakuli lake, akainama kusalimia, "Shikamoo mama." Bibi yako akakaa wima, macho yametoka, akapiga kelele:

"Huyo! Huyo ndiye anayenikaba usiku! Mtoeni!"

Kwa Kiswahili, mwanangu. Kiswahili kilichonyooka, yeye ambaye siku zote alikitafuta kwa shida. Kila aliyekuwa barabarani alisikia. Bakuli lilianguka. Mama Oresta alisimama hapo na uji umemmwagikia miguuni, wala hakuonekana kuhisi kama unaunguza.

Habari haikuhitaji miguu. Kabla ya mchana baba yako mdogo Kasiano alikuwa ameshafika na pikipiki yake. Hakukaa. "Mnamwona mama yangu anakwisha, na mchawi analeta uji humu kila siku, mnampokea?" Baba yako akajaribu, "Kasiano, mama ni mgonjwa, maneno ya mgonjwa..." Lakini sauti yake haikuwa na uti wa mgongo, maana na yeye moyoni ameshaanza kuogopa. Na mimi? Mimi nilikuwa naukumbuka uji. Nilikuwa najiuliza, kwani ulikuwa na rangi gani? Miaka yote nimekula na yule mama, na kwa mchana mmoja nikawa naukagua uji wake kichwani mwangu. Hofu ni mgeni anayevua viatu upesi.

Jioni mtu alirusha jiwe kwenye bati la Mama Oresta. Kisha jingine. Hakutoka. Tulisikia tu amezima redio.

Asubuhi yake wanaume walisimama uani wakibishana. Kasiano anataka mama yake apelekwe kwa mganga, tena Mama Oresta abebwe pamoja, akakiri huko huko. Baba yako anasema tusubiri kaka yao mkubwa apigiwe simu. Wanabishana, na mimi niko ndani na bibi yako, nimemshika mkono. Ulikuwa mwepesi, Atu, na ngozi yake imekuwa kama karatasi ya mfuko wa sukari. Midomo imepasuka. Ulimi ameuweka nje kidogo, mkavu, una mistari. Hakuwa anafukuza kuku tena. Hakuwa anafanya chochote. Nikaona nikiwangoja wale wamalize, watamaliza na maiti.

Nikatokea mlango wa mbele, wa barabarani, nikasimamisha bajaji. Dereva akaileta mpaka ukutani. Lakini kumbeba peke yangu sikuweza. Majirani walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wanawake ninaowashonea sare za watoto wao. Nikawaita kwa majina. Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumgusa mtu anayesemwa amerogwa.

Aliyevuka barabara ni Mama Oresta.

Alikuja amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda shamba. Hakunisalimia. "Wewe shika mabega, mimi nashika miguu," akasema. Tulipofika naye mlangoni, Kasiano akatuona. Akaja mbio.

"Usimguse mama yangu!"

Mama Oresta hakuiachia ile miguu. Akamwambia, "Kasiano, nikimwacha akafa, nani atasema sikumuua? Niache nimbebe. Akipona, tumepona wote."

Kasiano akanyanyua mkono. Hapo ndipo baba yako alipoongea, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baadaye: "Toka mlangoni." Kasiano akatoka.

Kwenye kituo cha afya alitupokea daktari mmoja mdada, amechoka, kalamu imempotelea ndani ya nywele zake mwenyewe. Akamtazama bibi yako ulimi. Akaifinya ngozi ya kifuani kidogo, akaiachia, na ile ngozi ikabaki imesimama kama hema. Kisha akatugeukia.

"Jana amekunywa maji kiasi gani?"

Nikamtazama baba yako. Baba yako akanitazama.

"Na juzi?"

Atupele, tulikuwa tunajua nani kasema nini, saa ngapi uji uliletwa, nani kaota ndoto gani. Swali lile hakuna aliyeweza kulijibu, na mzee alikuwa analala chumba cha pili kutoka changu.

Wakamwekea dripu. Mshipa ulitafutwa muda mrefu, maana ulikuwa umenywea. Wakapima mkojo, ule kidogo walioupata, wakakuta maambukizi yamejaa kwenye kibofu. Daktari akatueleza taratibu. Mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili unaweza kuishiwa maji na koo lisidai. Mkojo ukiwa mchache na mzito, vijidudu vinapata pa kukaa. Na mwili mkavu wenye maambukizi, kwa mtu wa umri ule, unavuruga akili: anaona visivyokuwepo, anawaogopa anaowapenda. Akasema tungechelewa kidogo, figo zingekuwa zimeharibika.

Kasiano alikuwa amefika, amesimama kwenye korido. Akauliza kwa ukali uliokuwa umeanza kulegea, "Kwa hiyo mama hajarogwa?"

"Amekauka," daktari akasema. "Amekauka, baba. Mngempa maji."

Mama Oresta alikuwa amechuchumaa nje karibu na ukuta. Alilisikia lile neno. Akajifunika uso kwa kanga, na sikujua kama analia au anapumua tu. Nikaenda nikachuchumaa karibu naye.

Bibi yako alirudi kidogo kidogo, kama taa ya chemli inayopandishwa utambi. Kwanza akajua yuko wapi. Kisha akamjua baba yako. Siku aliponijua mimi alinigombeza kwa kuacha nywele wazi. Kisha Mama Oresta akaingia wodini. Bibi yako akamtazama, akasema, "Mbona siku hizi huniletei uji? Nimekukosea nini?"

Hakukumbuka. Hata neno moja. Kasiano akafungua mdomo, nadhani alitaka kueleza, au kuomba radhi kupitia kwa mama yake. Mama Oresta akamkata kwa jicho. Tulipotoka nje akatuambia wote, "Asiambiwe. Yale hakuyasema yeye, kiu ndiyo iliyosema. Mkimwambia, atakufa kwa aibu, na mimi sijambeba ili afe kwa aibu." Ndiyo maana tulinyamaza ulipokuja likizo. Mpaka anaingia kaburini bibi yako hakujua.

Aliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini aliacha kunywa. Hakutaka kusema. Nilikaa naye nikichambua maharage, nikamwacha mpaka mwenyewe akachoka na ukimya. Kumbe usiku mmoja aliona anisitiri nisiamke, akatoka peke yake, akateleza kwenye yale mawe, akaanguka. Alilala chini kwenye baridi mpaka akapata nguvu ya kujivuta, na hakumwambia mtu. Tangu hapo akajiwekea sheria yake. Akaniambia, tena kwa majivuno kidogo, kama wewe: "Kisichoingia hakitoki."

Baba yako ndipo alipojenga kile choo kilichoshikana na nyumba. Tofali alizileta Kasiano, akazipanga mwenyewe, siku nzima bila kuongea. Alipomaliza hakwenda kwake. Alichukua ngazi akavuka barabara, akapanda kwenye paa la Mama Oresta, akabadilisha bati lililotobolewa na mawe. Mama Oresta akamtolea uji. Akaunywa amesimama, akarudisha bakuli, akaondoka. Neno la samahani sikulisikia, na huko kutazama chini unakokuona ndiko samahani yenyewe, inaendelea mpaka leo. Sikuambii kama inatosha. Mimi sijui.

Na kumnywesha maji haikuwa kazi ndogo. Ukimpa kikombe anakishika tu. "Ninywe peke yangu kama ng'ombe?" Basi nikawa nasimamisha cherehani, nakaa, tunakunywa wote. Yeye kikombe, mimi kikombe. Yakiwa ya baridi hayataki, nikawa nayapasha moto kidogo, hapo anakunywa. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni bila tone, nisije nikainuka mteja akanikosa, na kila jioni nilikuwa na kichwa kinachogonga, nikalaumu uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Kichwa kile kikaisha. Na kwa ajili ya vikombe vile ndipo nilipojua Kifipa, mwanangu, na nikamjua mama mkwe wangu. Alipofariki, wewe ukiwa chuoni, aliondoka na akili yake timamu. Alituaga kila mtu kwa jina, na Mama Oresta alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo sisi wengine hatukuwahi kulijua.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka barabarani kukuangalia, hujaonekana.

Kule bondeni jua litakukumbusha maji. Joto lake halina unafiki kama baridi yetu. Lakini jua halikukusaidia safari ile ya mazoezi ya kufundisha, maana kilichokuzuia hakikuwa kukosa kiu. Ilikuwa aibu. Mwili unadai, wewe unauambia subiri, na mwishowe unazoea kusubiri. Usingoje kudaiwa. Tazama mkojo wako bila kuona haya: ukiwa mweupe mweupe uko salama, ukianza kufanana na chai umechelewa. Na choo kikiwa hakina mlango, usikitibu kwa kuacha kunywa. Tundika kanga. Kasumbue ofisi ya mwalimu mkuu mpaka wakuchoke. Maana wasichana wakubwa darasani kwako watakuwa wanafanya hesabu ileile uliyoifanya wewe, na utawaona wanasinzia saa sita mchana, wanaumwa kichwa, utadhani ni wavivu.

Na siku utakayosikia kwamba kuna bibi amerogwa, au kuna bibi anaroga, usiwacheke wanaosema. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa mchana mzima. Wala usidhani maji ni dawa ya kila kitu. Kuna malaria, kuna sukari, kuna mengi. Lakini uliza kwanza amekunywa nini tangu jana, na utazame watu wanavyotazamana. Kisha mpelekeni zahanati. Na kama kuna mtu ametajwa, nenda ukasimame mlangoni kwake mchana kweupe, wakuone.

Tafuta na mtu wa kunywa naye. Mwalimu mwenzako, mama mwenye nyumba, yeyote. Mtu peke yake husahau.

Nilikuwa nimewaambia wewe na baba yako kwamba kesho nitawaagia hapa mlangoni, kwamba stendi itanitoa machozi mbele za watu. Nimebadili mawazo sasa hivi, kalamu ikiwa mkononi. Nakuja na wewe mpaka Milepa. Sare za wateja zitangoja. Nitalala kwako siku moja, nitaona hicho choo cha shule kina mlango au hakina, na kama hakina, mwalimu mkuu atanifahamu kabla hajakufahamu wewe. Ukirudi nitakuambia kwa mdomo, na usibishe. Barua hii nitakupa nikiwa nimeshapanda gari la kurudi, ili usipate wa kubishana naye.

Ngoja nikatafute begi.

Mama yako